Bei ya Kusikia: Leseni, Mawe na Redio ya Kununua Madungu

Msimu wa karafuu, babu yangu alikuwa akianika vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwenye majamvi alitandaza karafuu, na pembeni, juu ya kipande cha bati, alipanga mawe ya redio, yaani betri, yaliyochoka. Sisi watoto tulipewa zamu ya kufukuza kuku na kuangalia mawingu, na onyo lake la kwanza lilikuwa juu ya mawe, si karafuu: yasirowe, kwa sababu jioni kuna matangazo ya vifo na taarifa ya habari. Jua liliyaamsha yale mawe kwa muda. Yalitoa saa moja au mbili za sauti nyembamba, kisha kimya, na babu akavaa kofia yake akashuka dukani.

“Redio ni kama ng’ombe, mjukuu wangu,” alikuwa akiniambia njiani. “Kumnunua si kazi. Kazi kumlisha.”

Maneno hayo yamenirudia kwa sababu jirani yangu hapa Madungu, Pemba, ameniomba nimsaidie kuchagua redio ya kumnunulia mama yake. Aliuliza bei tu. Nikamwomba anipe siku mbili, maana bei inayotajwa dukani huwa ni sehemu ndogo ya fedha zitakazomtoka, na nilitaka kumpigia hesabu kamili. Hesabu yenyewe nimeianzia mbali, tangu zama ambazo mwenye redio alikuwa na bei tatu za kulipa: ya chombo, ya chakula chake, na ya ruhusa ya serikali ya kusikiliza. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoitwa leseni.

Kijana wa leo akisikia leseni ya redio hufikiria kituo cha utangazaji. Zamani leseni ilikuwa ya msikilizaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1904 ilimpa waziri wa Posta mamlaka juu ya kila chombo cha kupeleka au kupokea mawimbi ya hewani, na kupokea kukawa na hukumu moja na kupeleka. Wakati huo redio ilikuwa chombo cha meli na majeshi. Hakuna aliyewaza taarab wala khutba ya Ijumaa. Utangazaji wa umma ulipokuja, sheria ilikuwa imeshakaa inausubiri. Kuanzia tarehe 1 Novemba 1922, Mwingereza aliyetaka kusikiliza alikwenda posta, akalipa shilingi 10, akapewa karatasi ya mwaka mmoja. Tarehe 14 ya mwezi huo huo BBC, wakati huo ikiwa kampuni, ikaanza kutangaza.

Leseni ile ilibana hata uchaguzi wa chombo. Redio iliyokubalika ilikuwa yenye muhuri wa BBC na idhini ya Posta, iliyotengenezwa Uingereza, na ndani ya bei yake mlikuwa na fungu la kuilipa BBC. Watu wakatafuta unafuu: wakanunua vipande na kujiundia redio nyumbani. Mwaka 1923 serikali ikawafuata huko huko kwa leseni yao maalumu, shilingi 15. Mtindo huo haukudumu, ikabaki leseni moja ya shilingi 10 kwa wote, isipokuwa wasioona, ambao sheria ya mwaka 1926 iliwasamehe ada. Hilo la wasioona nalisifu bila kusita. Mtu asiyeweza kusoma gazeti ndiye anayeihitaji redio kuliko sote, na kumtoza ada ya masikio yake ingekuwa dhulma.

Mwaka 1922 ulipokwisha leseni zilikuwa kama 36,000. Vita vilipoanza mwaka 1939 zilikaribia milioni 9. Ada ndogo ikikusanywa kwa watu wengi huwa hazina kubwa, na watawala hawakukosa kuliona hilo. Mfumo ukasafiri na bendera yao. India, utangazaji rasmi ulipoanza mwaka 1927, leseni ya msikilizaji ilikuwa rupia 10 kwa mwaka. Kwa Mzanzibari rupia haikuwa fedha ya kigeni: sisi tulitumia rupia hadi mwaka 1936, tulipohamia shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo msikilizaji wa Bombay alikuwa akilipa sawa na shilingi 15 za hapa, zaidi ya yule wa London. Nairobi nayo ilipata kituo mwaka 1928, cha kampuni iliyoitwa British East African Broadcasting, kikiwalenga walowezi, na ada za leseni zikiwa katika mapato yake. Zanzibar, ikiwa chini ya himaya ya Waingereza, haikuwa na desturi nyingine: redio ilikuwa chombo cha kuombewa kibali.

Hapa ndipo mnunuzi wa Pemba alipobanwa kuliko mwenzake wa Uingereza, na si kwa sababu ya ada. Redio rahisi kuliko zote siku hizo ilikuwa ya kito, kijiwe kidogo kinachoguswa na waya mwembamba. Haikuhitaji betri wala umeme. Nguvu yake yote ilitoka kwenye mawimbi yenyewe. Mwingereza aliyekaa karibu na kituo aliisikiliza kwa spika za masikioni, na gharama yake ya mwaka ikawa leseni peke yake. Lakini redio ya kito haisikii mbali. Kutoka Chake Chake hadi Nairobi ni mamia ya kilomita, na kabla ya mwaka 1951 Unguja haikuwa na kituo. Aliyetaka kusikia chochote hapa alihitaji redio ya vali yenye masafa mafupi, waya mrefu wa antena juu ya mnazi, na betri. Vali ni mfano wa taa: ndani yake mna uzi unaopashwa moto muda wote redio inapowaka, na moto huo ndio unaokula betri.

Na baada ya kulipa yote hayo, angesikia nini? Kiswahili cha BBC kilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1939. Sauti ya Unguja, kutoka Raha Leo, ilianza mwaka 1951, na Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka huo huo. Matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo yalianza mwaka 1954. Kwa muda mrefu kabla ya hapo, mwenye redio wa Pemba alikuwa akinunua Kiingereza, Kiarabu na Kihindi. Leseni haikumuuliza analipia lugha gani. Hilo ndilo swali la kwanza ninalotaka kila mnunuzi ajiulize hata leo: fedha hii inaninunulia maneno ya nani?

Sasa hesabu niliyomwahidi jirani. Sina stakabadhi ya duka la Chake Chake ya miaka ile, lakini kuna redio moja ya zama hizo ambayo bei yake inajulikana vizuri, na ilitengenezwa kwa ajili ya Mwafrika asiye na umeme. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mkuu wa idara ya habari aliyeitwa Harry Franklin alihangaika hadi akaishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza iunde redio rahisi ya betri kavu. Ilitoka mwaka 1949. Kasha lake la alumini la duara lilitokana na sufuria isiyo na mkono, na kwa hiyo ikaitwa Saucepan Special. Iliuzwa pauni 5, yaani shilingi 100. Betri yake ilikuwa shilingi 25 na ilidumu saa 300 hivi.

Tuseme nyumba inasikiliza saa tatu kwa siku. Betri moja inakwenda siku 100, na betri nne zinatosha mwaka na siku chache za ziada. Betri nne ni shilingi 100, bei ile ile ya redio yenyewe. Yaani kila mwaka mwenye redio alikuwa kama mtu anayeinunua upya. Tukiongeza leseni, tuchukue ile ya zamani ya Uingereza ya shilingi 10, mwaka wa kwanza unatoka na shilingi 210.

Tuiendeleze hadi miaka mitano, maana redio nzuri haifi mapema. Saa zitakuwa 5,475. Zinahitaji betri 19, ambazo ni shilingi 475. Redio shilingi 100. Leseni mara tano, shilingi 50. Jumla 625. Katika kila shilingi 100 zilizotoka mfukoni, 76 zilikwenda kwenye betri, 16 kwenye redio, na 8 kwenye leseni. Babu yangu hakuiona hesabu hii imeandikwa popote, wala redio yake haikuwa ya vali, lakini aliijua kwa mfuko wake.

Ukivuka kwenda penye umeme, hesabu inapinduka. Ujerumani mwaka 1933 ilitoa redio ya bei nafuu, VE 301, kwa marki 76. Ada ya kusikiliza ilikuwa marki 2 kila mwezi. Katika miaka mitano ada inafika marki 120, mbali zaidi ya chombo. Ilipofika mwaka wa nne Mjerumani alikuwa ameshalipa ruhusa kuliko redio. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba leseni ilikuwa nzito, namuuliza: kwa nani? Kwa fundi wa Berlin mwenye waya ukutani, ndiyo, ilikuwa ndiyo gharama kuu. Kwa mkulima asiye na umeme, leseni ilikuwa ndogo mbele ya betri. Aliyemkamua hasa ni muuza betri.

Ila leseni ilikuwa na bei nyingine isiyoandikwa kwenye stakabadhi, nayo ni jina. Aliyelipa aliandikwa: fulani, wa mahali fulani, ana chombo cha kusikilizia. Daftari la ada ni daftari la wasikilizaji, na serikali yenye hofu hulisoma kwa macho mengine. Ujerumani ya Hitler, siku vita vilipoanza, tarehe 1 Septemba 1939, ilifanya kusikiliza vituo vya nje kuwa kosa la jinai. Siwezi kuweka thamani ya kujulikana kwa shilingi, lakini ni gharama, na ninaihesabu.

Watu wetu walikuwa na jawabu lao kwa gharama zote hizi, nalo ni baraza. Leseni iliandikwa kwa chombo, haikuhesabu masikio. Miaka ya 1950, Unguja na Pemba, redio moja mkahawani ilisikilizwa na watu wote waliokaa na vikombe vyao vya kahawa, na wengine wakisimama nje dirishani. Cairo ilisikika hivyo, na Sauti ya Unguja, na Sauti ya Mvita ya Mombasa. Chukua zile shilingi 210 za mwaka wa kwanza uzigawe kwa watu 20 wa baraza moja: kila mmoja shilingi 10 na nusu. Kwa karibu bei ya leseni peke yake, mtu alipata redio, betri, leseni, na wenzake wa kujadiliana nao habari. Sijaona mpango wa ununuzi ulio bora kuliko huo, wakati ule wala sasa.

Transista ikaja kuvunja hesabu yote. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954 kwa dola 49.95. Ilikuwa ghali, lakini haikuwa na uzi wa kupashwa moto, na mawe madogo yakatosha. Wajapani wakazishusha bei. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ikafungua kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa jina la redio na la mawe yake katika kila kijiji. Redio ikaingia shambani, ikapanda mkarafuu ikiwa imefungwa kwenye tawi, ikaingia ngalawani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania bara kama milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza, jambo lisilowezekana kama kila mmoja angehitaji betri ya siku 100 kwa robo ya bei ya redio.

Naamini transista ndiyo iliyoiua leseni, zaidi ya huruma ya serikali yoyote. Chombo kinachoingia mfukoni hakihesabiki. Gharama ya kumtuma mtu mlango kwa mlango ikazidi ada anayoifuata. Uingereza ilifuta leseni ya redio tarehe 1 Februari 1971. India ikaja kuiacha miaka ya 1980. Majirani zetu Kenya walibaki na kibali cha chombo katika sheria ya shirika lao la utangazaji, KBC, ya mwaka 1988. Hapa Madungu leo hakuna anayegonga mlango kudai leseni ya redio.

Leseni haikufa, ilihama. Imetoka kwa anayesikia ikaenda kwa anayesema. Zanzibar ina Tume ya Utangazaji kwa sheria ya mwaka 1997, nayo ndiyo inayotoa leseni kwa vituo vya huku kwetu. Bara, na katika mambo ya simu na mitandao kwa Muungano mzima, ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka anayeendesha redio ya mtandaoni au blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni ya awali na milioni 1 ya kila mwaka, ingawa baadaye ada zilipunguzwa. Usidhani hilo halimhusu msikilizaji. Kila kijana aliyeshindwa kulipa ni sauti moja uliyopungukiwa nayo, na hiyo nayo ni sehemu ya bei.

Turudi dukani. Jirani yangu ana njia nne mbele yake, na hazilingani hata kidogo.

Kuna redio ya umeme wa ukutani. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Redio ya wati 5 ikiwaka saa tatu kwa siku hula uniti 5 na nusu kwa mwaka mzima. Chukua bei ya uniti kwenye mita yako ya Tukuza uzidishe: chakula hiki cha redio ni rahisi sana. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika nayo inanyamaza, na hapo ndipo unapoihitaji. Wenzetu wa Unguja wanalijua hili kwa uchungu. Mei 2008 walikaa karibu mwezi mzima gizani, na Desemba 2009 giza likarudi kwa miezi mitatu. Televisheni zilikuwa mapambo. Redio za mawe ndizo zilizosema.

Kuna redio ya mawe peke yake, kama ya babu. Ni imara, haina la kuharibika zaidi ya kutu, lakini bado ina ugonjwa wa mwaka 1949: gharama ni ya kudumu. Atakayeichagua namshauri aandike kwa kalamu, ndani ya kifuniko, tarehe aliyotia mawe mapya. Baada ya mara mbili tatu atajua mawe yanakwenda siku ngapi, azidishe kwa mwaka, alinganishe na bei ya redio. Mawe makubwa na madogo yana nguvu ile ile ya volti 1.5, lakini makubwa hudumu zaidi, kwa hiyo redio yenye nafasi ya mawe makubwa mara nyingi hulishwa kwa bei ndogo. Na yakichoka yatolewe mara moja. Yakiachwa huvuja, na hewa yetu ya chumvi humalizia vyuma.

Ya tatu ni ya kuchaji, hizi ndogo zilizojaa madukani, nyingi zikitumia betri ya simu ya Nokia aina ya BL-5C au mfano wake. Betri hiyo ikijaa ina umeme usiofika wati-saa 4. Ukiichaji kutoka tupu kila siku ya Mungu, mwaka mzima, hata ukihesabu unaopotea kwenye chaja, ni kama uniti 2. Tazama tulikotoka: robo tatu ya gharama zote ilikuwa betri, leo ni uniti 2. Udhaifu wake ni kwamba betri yenyewe huzeeka baada ya miaka michache, kwa hiyo anunue tu ile ambayo betri yake inatoka kwa mkono na nyingine inapatikana kwa mafundi wa simu. Iliyogundishwa ndani ni redio ya kutupa.

Katika kundi hili zimo zenye kipande cha sola na mkono wa kuzungusha. Wazo hilo ni zuri na lina asili ya heshima: Mwingereza Trevor Baylis alilipata mwaka 1991 baada ya kuona kipindi juu ya UKIMWI Afrika na jinsi elimu isivyofika kwa kukosa betri. Mfano wake wa kwanza, ukizungushwa dakika mbili, ulisema dakika 14. Lakini jina la sola likiandikwa kwenye kasha si ushahidi. Mimi mwenyewe niliuziwa redio ya sola, katika duka ambalo silitaji, ambayo kipande chake cha kioo hakikuunganishwa na waya wowote ndani. Fundi alipoifungua nilisikitika zaidi ya thamani ya fedha niliyopoteza, nikikumbuka wangapi wameibeba hadi vijijini kwa imani. Ijaribu juani hapo hapo mlangoni mwa duka, betri ikiwa imetolewa.

Njia ya nne ni simu, na hapa watu wengi huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Kitochi, na baadhi ya simu janja, zina redio ya FM ndani. Unachomeka spika za masikioni, waya wake unakuwa antena, unasikiliza bila bando hata la shilingi moja. Kusikiliza kwa mtandao ni jambo jingine kabisa. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kiasi cha MB 29 kwa saa. Saa tatu kwa siku ni GB 31 na nusu kwa mwaka, na kwa miaka mitano zaidi ya GB 157. Piga kwa bei ya bando unalonunua. Utakuta betri ya mwaka 1949 imerudi kwa jina jipya: chombo rahisi, chakula ghali. Na daftari nalo limerudi, maana tangu mwaka 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole haifanyi kazi. Juni 2016 simu bandia zilizimwa kwenye mitandao, na Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyetegemea bando kusikia habari alibaki na kioo kitupu mkononi.

Simkatazi mtu mtandao. Ndugu zetu walioko Maskati na Dubai hawana njia nyingine ya kusikia taarab ya nyumbani, na kwao GB hizo ni thamani halali. Lakini kwa mama aliyekaa Madungu, mawimbi ya ZBC, shirika letu la utangazaji, yanapita juu ya paa lake bure usiku na mchana, na Redio Jamii Micheweni ni ya kisiwa hiki hiki. Kumlipisha bando kwa kitu kilichoko hewani tayari ni kumrudisha kwenye leseni, ada yake ikiwa kubwa kuliko ile ya wakoloni.

Hukumu yangu basi, jirani, ni hii. Mnunulie redio ya kuchaji ambayo betri yake inatoka, na yenye nafasi ya kutia mawe ya kawaida pia, hata ikizidi bei kidogo. Umeme ukiwepo itakula uniti 2 kwa mwaka, umeme usipokuwepo itakula mawe. Usilipie taa za rangi, wala wingi wa masafa mafupi ambao hatautumia. Lipia spika nzuri na kitufe kikubwa anachoweza kukigeuza kwa vidole vyake vya uzee. FM hupita moja kwa moja na Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, kwa hiyo redio inayosema vizuri dukani inaweza kukoroma chumbani kwake. Kubaliana na mwenye duka uirudishe kesho yake ikishindwa, na akupe stakabadhi. Kisha iweke pale pale itakapokaa, karibu na kitanda, uitafute ZBC, na usikilize naye matangazo ya vifo hadi mwisho. Akisikia kila jina bila kukuuliza, umepata redio.